Kikombe Kilicholiwa Mdomo

Bwana Abonyo wa makumbusho alifika Ilesi siku ya soko,
viatu vyake vimeshika tope la Khayega.
Akakigeuza kikombe, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza,
kisha akaandika kwenye kadi yake:
Cha udongo. Cha kunywea dawa. Mdomo umevunjika.

Nikamwambia, haukuvunjika.
Umeliwa.

Akacheka kidogo, kwa adabu,
kama mtu aliyekanyagwa mguu kanisani.
Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni.
Hawakufika kwetu.
Kwetu gae lenyewe ndilo chakula.

Weka kidole hapa, Bwana.
Pengo hili pana ni la nyanya yangu, Dorika Khasiala,
aliyekifinyanga mwenyewe mwaka wa nzige
kwa udongo wa kijivu wa shimo la ng'ambo ya Yala,
udongo usiochimbwa kwa jembe, ila kwa mkono,
wala hupigi mluzi ukiuchota,
wala humwambii mtu ulikotoka.
Walisema maji yakilala humo usiku mmoja
huamka yakijua la kufanya tumboni:
hutuliza kichefuchefu, huvunja sumu,
humkalisha mtoto anayetaka kutoka kabla ya siku zake.
Mimba ya kwanza Dorika alikunywa. Ya pili akanywa.
Ya tatu, harufu ya mvua ya kwanza ikampanda puani
kutoka kikombeni, akashindwa,
akauma.
Krr. Kama sukari guru.

Hili la upande upande ni la shangazi Selifa,
aliyekuwa na jino bovu.
Hili la mama. Na hili la mama. Na hili.
Hili laini, ambalo kidole chako kimelipita bila kusimama,
ni la yule ambaye hakukaa.
Mama aliuma, akanywa, akalala chali siku tisa,
na hakukaa.
Hakukilaumu kikombe. Hakukisifu.
Alikiosha, akakifudikiza juu ya jiwe,
na jioni, akingoja uji upoe,
alilisugua pengo lile kwa kidole gumba
miaka na miaka
mpaka likawa kama ufizi wa mtoto.

Bwana Abonyo akafunika kalamu. Akauliza bei.
Akasema Kisumu kuna kabati la kioo, lina taa,
lina kufuli, hakuna atakayekigusa.
Ndiyo maana, nikasema.

Shimo lenyewe halipo. Lami imepita juu yake.
Malori hudondosha miwa juu ya dawa ya nyanya yangu
na watoto huikimbilia.
Niliwahi kwenda usiku na sururu, kando ya mtaro,
nikaonja: saruji, mafuta ya gari.
Sikumwambia mtu.

Nesi wa kliniki amenipa vidonge vya madini ya chuma,
vyekundu, kimoja kwa siku,
akaniambia huku akinitazama meno:
usile udongo, mama, una minyoo.
Nimeitikia. Hajakosea.
Damu yangu ni nyepesi kama chai ya wageni wengi.

Leo alfajiri nimekitoa kikombe chenye maji ya jana,
nimeweka kidonge ulimini,
nimekunywa, na maji yamenitiririka kidevuni,
maana hakijai tena, humwaga kabla ya nusu.
Kisha nimekizungusha, nimekizungusha,
nikitafuta mahali ambapo bado pana mdomo.

Pamebaki vidole viwili.
Upana wa vidole viwili tu, na nina binti wa miaka sita
aliyesimama mlangoni bila kandambili
akiniuliza ninakula nini.

Dawa, nikamwambia,
nikafumba kinywa
asije akasikia mlio.